Nani Atamuoa? Jawabu kwa Wanaowazuilia Ndoa Wenye Ulemavu

Himdi zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo alilolitaka, akampa huyu afya na akamtahini yule kwa maradhi, ili adhihirike mwenye kushukuru na mwenye kusubiri. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wenye kufuata mwenendo wake hadi Siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo:

Kuna swali moja linaloulizwa majumbani mwetu kila binti anapozaliwa na ulemavu, au anapoupata ukubwani kwa ajali au maradhi. Swali hilo ni: “Nani atamuoa?” Huulizwa kwa sauti ya huruma, na mara nyingi muulizaji hutikisa kichwa na kuvuta pumzi. Lakini hilo si swali. Hiyo ni hukumu iliyovishwa nguo ya swali. Muulizaji hangojei jawabu, kwa sababu moyoni mwake amekwisha kuamua kwamba binti huyo hana sehemu katika Sunna ya ndoa, na kwamba kazi ya walii wake ni kumlisha na kumsitiri ndani mpaka ajali yake imfikie.

Makala hii inakusudia kulijibu swali hilo. Na kwa kuwa wengi miongoni mwa vijana wetu hawatikisiki kwa hoja ila iwe imetokea kwenye kioo cha televisheni, tutaanza na sinema, kisha tutairejesha hoja mahali pake, napo ni katika Kitabu cha Allah na Sunna ya Mtume wake (s.a.w.).

SINEMA YENYEWE

Mwaka 1978 kampuni ya Universal ya Marekani ilitoa filamu iitwayo The Other Side of the Mountain Part 2, iliyoongozwa na Larry Peerce. Ilikuwa ni mwendelezo wa filamu ya mwaka 1975 yenye jina hilohilo. Ni filamu ya michezo na mapenzi kwa pamoja, na wanaofuatilia filamu za namna hii wanajua kwamba aghalabu huwa ni hadithi za kubuni. Hii haikuwa ya kubuni. Iliwahusu watu waliokuwa hai.

Jill Kinmont alizaliwa mwaka 1936 katika jimbo la California, akakulia katika mji mdogo wa Bishop, chini ya milima ya Sierra Nevada. Alikuwa bingwa wa taifa lake katika mbio za kuteleza kwenye theluji, na watu walitarajia kwamba angekwenda kwenye Olimpiki ya mwaka 1956 nchini Italia. Tarehe 30 Januari 1955, akiwa na umri wa miaka 18, alianguka katika mashindano huko Alta, jimbo la Utah, akavunjika shingo. Tangu siku hiyo mwili wake ulipooza kuanzia mabegani kwenda chini. Jarida kubwa la michezo la nchi hiyo, Sports Illustrated, lilikuwa limeiweka picha yake kwenye jalada la toleo la tarehe 31 Januari, yaani siku moja tu baada ya kuanguka kwake. Dunia ilikuwa bado inaisifu miguu yake, naye hawezi tena kuinyanyua. Basi na azingatie kila mwenye kughurika na afya yake.

Filamu ya kwanza ilisimulia anguko hilo, na habari za mwanamichezo mwenzake, Dick Buek, aliyempenda katika hali hiyohiyo ya ulemavu, kisha akafa katika ajali ya ndege mwaka 1957. Filamu ya pili, ambayo ndiyo tunayoizungumza, inamwonesha akiwa mtu mzima, mwalimu, anayeogopa kuufungua moyo wake baada ya yote yaliyompata. Anakutana na dereva wa lori aitwaye John Boothe. Katika maisha yao halisi, watu hawa wawili walioana mwaka 1976.

Tuseme wazi ili asije mtu akatusingizia: hatumwiti yeyote kwenda kuitafuta filamu hii. Wanaoiigiza ni mwanamume na mwanamke ambao ni ajnabi, wakikumbatiana mbele ya kamera kwa malipo. Uchumba unaooneshwa humo una faragha ya wawili wasio maharimu, nasi tumekatazwa hata kuikaribia zinaa (Qur'ani 17:32). Wala watu wa nchi ile hatuwafanyi kuwa vigezo vya dini yetu. Kigezo chetu kinajulikana. Tumeitaja kwa sababu moja tu: wanaodai kwamba ndoa ya mtu aliyepooza haiwezekani wanadai jambo ambalo limekwisha kutokea, likashuhudiwa na kuandikwa.

YALIYOACHWA NA SINEMA

Zingatieni tarehe, ndugu zangu. Ndoa ilifungwa mwaka 1976. Filamu ikatoka mwaka 1978. Maana yake ni kwamba wakati watu wanakata tiketi kwenda kuangalia “mapenzi yaliyoshinda”, ndoa yenyewe ilikuwa bado haijatimiza hata miaka miwili. Wenye sinema waliuza kile kinachouzika: macho kukutana, machozi, muziki na harusi. Kisha wakakunja vifaa vyao wakaondoka.

Jill Kinmont alifariki mwezi Februari mwaka 2012. Kwa hiyo ndoa yake ilidumu zaidi ya miaka 35, mpaka mauti yakawatenganisha. Filamu ya sehemu ya tatu haikutengenezwa. Hakuna aliyelipa tiketi kuangalia miaka 35 ya mtu kugeuzwa ubavu usiku ili asipate vidonda vya kulalia, kuvishwa, kunyanyuliwa kutoka kitandani na kuwekwa kwenye kiti cha magurudumu, kisha kurudishwa kitandani. Lakini hiyo ndiyo ndoa. Yaliyotangulia yalikuwa ni utangulizi.

Hili ndilo kosa la kwanza la sinema zote za mapenzi: zinamfundisha kijana kwamba ndoa ni mwisho wa hadithi. Sharia inamfundisha kwamba ndoa ni mwanzo wa amana. Kosa la pili ni kubwa zaidi. Sinema humfanya mtazamaji adhani kwamba mwanamke yule alikuwa maiti mpaka mwanamume alipokuja kumfufua. Si kweli. Kati ya ajali na ndoa yake ilipita miaka 21. Katika miaka hiyo alijifunza upya kuandika kwa mkono uliofungwa kifaa, akasoma chuo kikuu, akakataliwa katika masomo ya ualimu kwa sababu ya ulemavu wake, akahamia jimbo la Washington akaupata ualimu huko, kisha akawafundisha watoto wenye shida ya kusoma. Alirudi kwao Bishop akaendelea kufundisha kwa miaka mingi, na katika mji huo kuna shule iliyopewa jina lake. John Boothe hakumpa sadaka ya ndoa. Alimuoa mwanamke mwenye kazi, akili na hadhi yake.

Tunalisisitiza hili kwa kuwa miongoni mwetu wapo wanaosema, “Tumtafutie mtu mwenye huruma.” Binti huyo hahitaji mwenye huruma zaidi kuliko binti mwingine yeyote. Anahitaji mume mwenye dini na tabia njema.

KIPIMO HIKI TUMEKITOA WAPI?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwanamke huolewa kwa mambo manne: mali yake, nasaba yake, uzuri wake na dini yake, kisha akatuamrisha kumchagua mwenye dini (Bukhari na Muslim). Katika manne hayo, miguu haikutajwa. Akatufundisha pia kwamba Allah hatazami sura zetu wala mali zetu, bali hutazama nyoyo zetu na amali zetu (Muslim). Basi kijana anayesali safu ya kwanza, kisha anapotafuta mke anahesabu kimo, rangi na mwendo, na dini anaiuliza mwisho kabisa, kipimo hicho amekitoa wapi? Hakukitoa msikitini. Amekitoa kwenye kioo cha televisheni, kisha amekivisha kanzu.

Angalieni kisa cha Sahaba Julaybib (r.a.). Hakuwa na umbo la kupendeza machoni pa watu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikwenda kumposea binti wa Kiansari. Wazazi wakasita, mama akakataa. Binti aliposikia nani aliyeleta posa hiyo, aliona kwamba si laiki kwao kulirudisha jambo la Mtume wa Allah, akaridhika, wakaoana (Ahmad). Baadaye Julaybib akauawa vitani. Watu walipoulizwa ni nani wanayemkosa hawakumtaja, lakini Mtume (s.a.w.) alisema kwamba yeye anamkosa Julaybib. Wakamkuta kando ya maadui saba aliowaua, na Mtume (s.a.w.) akambeba kwa mikono yake mwenyewe mpaka kaburini (Muslim). Mtu asiyeonekana na watu alikuwa anaonekana na Mtume wa Allah. Je, msikitini kwetu akikosekana mwenye ulemavu Ijumaa tatu mfululizo, nani atakayeuliza?

Na kwa kuwa tumeanza na habari za wanamichezo, tuitaje michezo ya nyumba ya Mtume (s.a.w.). Alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) safarini, naye wakati huo alikuwa mwepesi wa mwili, akamshinda. Baadaye, mwili ulipokuwa mzito, wakashindana tena, na mara hii Mtume (s.a.w.) akashinda, akamwambia kwa utani kwamba hii ni badala ya ile (Abu Daud). Tafakarini adabu iliyo humo. Mwili wa mke umebadilika, na mume ameyaona mabadiliko hayo. Hakumkejeli, hakumlinganisha na wanawake wengine, wala hakumkumbusha alivyokuwa zamani kwa kumuumiza. Ameyafanya mabadiliko yenyewe kuwa mchezo baina yao. Leo wako waume ambao mke akizaa mtoto wa pili tu, huanza kumtazama kama bidhaa iliyopitwa na wakati.

SHUBHA NA MAJIBU YAKE

Wanaozuia ndoa za wenye ulemavu wana shubha zao. Tutazijibu moja baada ya nyingine.

Shubha ya kwanza: “Ndoa hiyo ina kasoro kisharia.” Jawabu: maulamaa wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi katika pwani yetu, wamezitaja aibu maalumu zinazompa mwanandoa hiari ya kuivunja ndoa, kama vile wazimu, ukoma, na kasoro zinazozuia tendo la ndoa lenyewe. Upofu, kukatika kiungo na kupooza hawakuviingiza humo. Kinachotakiwa ni ukweli: hali ielezwe kabla ya akdi, asidanganywe mtu. Akiisha kuelezwa naye akaridhika, ninyi mnamzuia kwa dalili gani?

Shubha ya pili: “Hatazaa.” Jawabu: hili kwanza ni ujinga wa tiba, kwani mwanamke aliyepooza kwa kuvunjika uti wa mgongo kwa kawaida hubaki na uwezo wa kushika mimba, ingawa atahitaji uangalizi wa karibu wa daktari. Pili, ni ujinga wa aqida. Allah (s.w.) ndiye ampaye amtakaye watoto wa kike, na amtakaye wa kiume, na akamjaalia amtakaye kuwa tasa (Qur'ani 42:49-50). Ni wanawake wangapi wenye miguu mizima wanaotembea kutoka hospitali hadi hospitali wakitafuta mtoto?

Shubha ya tatu: “Mume atageuka kuwa mtumishi wa nyumba.” Jawabu: Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, na wakati wa sala ulipofika alitoka kwenda kusali (Bukhari). Kazi ambayo mbora wa viumbe hakuionea haya, wewe unaionea haya kwa cheo gani?

Shubha ya nne: “Tunamhurumia, atateswa na mume.” Jawabu: hofu hii ndiyo pekee yenye sura ya hoja, kwa kuwa wapo kweli waume wenye kutesa, na asiyeweza kukimbia hudhurika zaidi. Lakini dawa yake ni kumchunguza mposaji, kuandikiana masharti na kumtembelea binti baada ya harusi. Kumfungia maisha si dawa. Mbona mabinti wazima mnawaoza kwa watu msiowajua, kwa mahari makubwa na uchunguzi mdogo?

Na ewe walii, likumbuke jambo zito. Akija mposaji ambaye dini na tabia yake zinaridhisha, na binti akawa ameridhika, nawe ukakataa bila ya sababu ya kisharia kwa kuwa tu unaona haya watu wataona kiti cha magurudumu ukumbini, basi umeingia katika lile alilolikataza Allah (s.w.) katika Suratul Baqara, aya ya 232, la kuwazuia wanawake kuolewa pale waliporidhiana kwa wema. Maulamaa wamemwita walii wa namna hii kwa jina lake, nalo ni mzuiaji. Wakasema haki yake ya uwalii hupita kwa Kadhi. Huruma yako haitakuwa kinga yako mbele ya Mola wako.

WALIOPATA ULEMAVU NDANI YA NDOA

Mpaka hapa tumemzungumzia asiyeolewa. Lakini yupo aliyeolewa akiwa mzima, kisha ajali ya bodaboda, uzazi mgumu au kiharusi kikamlaza. Hapa ndipo jamii yetu inapojifunua. Mume akipata kiharusi, mkewe humlisha, humwosha na kumgeuza kwa miaka kumi, nasi tunasema, “Huyu ndiye mke mwema.” Ni sawa, na malipo yake yako kwa Allah. Mke akipata kiharusi, kabla hajatoka wodini watu wameanza kumnong'oneza mume: “Wewe bado kijana.”

Hatuharamishi alichokihalalisha Allah (s.w.). Kuoa mke wa pili kwa uadilifu ni halali yake mwenye uwezo. Tunachokikemea ni kuoa ili kutoroka: mke wa kwanza arudishwe kwa mama yake na godoro lake, asipewe talaka wala zamu wala matumizi. Aya ya 129 ya Suratun Nisaa imekataza kumwacha mke kama aliyetundikwa, si mwenye mume wala si mjane. Na aya ya 19 ya sura hiyohiyo imeamrisha kukaa nao kwa wema, na ikafundisha kwamba huenda mtu akachukia jambo ambalo Allah ametia ndani yake kheri nyingi. Allah (s.w.) alipoielezea ndoa katika Suratur Rum, aya ya 21, alitaja mapenzi na huruma kwa pamoja. Basi ikiwa mapenzi yako yalikuwa katika miguu yake, na miguu imeondoka, iko wapi ile huruma?

Dereva wa lori wa California alikaa na mkewe zaidi ya miaka 35. Itakuwa ni fedheha iliyoje Siku ya Kiyama, ikiwa mtu ambaye hakuoa kwa akdi yetu atakuwa ameutekeleza wema wa ndoa kuliko yule aliyesomewa khutba ya nikahi, akaitikia mbele ya mashahidi!

TUNACHOKITAKA

Maneno bila amali ni hoja dhidi ya msemaji. Kwa hiyo tunazitaka jamaa za misikiti yetu zifanye haya.

Kwanza, mawalii wawatoe mabinti na vijana wao wenye ulemavu majumbani, wapelekwe madrasa, shule na darasa za watu wazima. Anayefichwa haposwi. Na Jill Kinmont hakukutwa chumbani, alikutwa akiwa mwalimu.

Pili, maimamu na kamati zinazosimamia ndoa wawataje wenye ulemavu sawa na wengine wanaotafuta wenza, kwa kusitiri siri zao, bila ya kuwaweka katika orodha ya masikini wa kusaidiwa. Aya ya 32 ya Suratun Nuur imeamrisha kuwaoza wasio na wenza miongoni mwetu, wala haikumtoa mtu yeyote kwa sababu ya kiungo.

Tatu, msikiti ujengewe njia ya mteremko na sehemu ya kutilia udhu anayoweza kuifikia aliyekaa. Abdullah bin Umm Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, naye alikuwa muadhini wa Mtume (s.a.w.), na ni kwa ajili yake ndipo Suratu Abasa ilipoteremka. Tunaisoma sura hiyo kwa tajwidi nzuri, kisha tunajenga ngazi kumi na mbili mbele ya mlango.

Nne, Baitul Mali isaidie kiti cha magurudumu na matibabu kwa wanandoa wasio na uwezo, ili mzigo wa wawili usiwaelemee wawili peke yao.

Tano, nawe kijana uliyeisoma makala hii na moyo wako ukasisimka, usikimbilie kuposa kwa msisimko. Msisimko ni wa sinema, nao huisha taa zinapowashwa. Muulize Mola wako kwa istikhara, jiulize kama unaweza kuyabeba ya miaka 35, kisha uende kwa walii wake ukiwa mwanamume.

Na siku nyingine ukisikia barazani mtu anauliza, “Nani atamuoa?”, usinyamaze. Mwambie: “Ataolewa na atakayemtaka dini yake. Na wewe, je, ulikwisha kumuuliza mwenyewe kama anataka kuolewa?”

Tunamuomba Allah (s.w.) atukinge na kiburi cha afya, awape subira na malipo makubwa waliotahiniwa katika miili yao, azitie nyumba zetu mapenzi na huruma, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikiliza kauli wakafuata iliyo bora. Amin.

Wabillahi tawfiq.